Klabu mbili za kuogelea nilizompeleka binti yangu wa miaka 4

Wazazi wenzangu, nilipoanza kumtafutia binti yangu klabu kitu cha kwanza kuangalia kilikuwa medali. Klabu ya kwanza ukuta wa mapokezi umejaa makombe, bwawa linang'aa, nikalipa muhula mzima siku hiyohiyo bila kukaa kuangalia hata somo moja. Hapo ndo nilikosea.

Kocha mmoja, watoto 11 (niliwahesabu wiki ya pili), muokoaji hakuna, yaani anayefundisha ndo huyohuyo anayelinda. Akimshika mmoja amwonyeshe kupiga miguu, wale kumi wameshikilia ukingo na yeye kawapa mgongo. Siku moja binti yangu akaachia ukingo. Hakulia, hakurusha maji, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia maji unatoka, kimya. Mimi ndo nilimuona kutoka kwenye benchi nikapiga ukelele, kocha akageuka akamnyanyua. Zilikuwa sekunde chache tu lakini mikono ilinitetemeka mpaka nyumbani. Jamani mtoto anazama kimyakimya, na WHO wanasema kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 4 kuzama ni sababu ya 4 ya vifo duniani.

Ya pili nikaomba kwanza somo la majaribio. Mwalimu mmoja watoto wanne, muokoaji yuko pembeni na kazi yake ni kuangalia maji tu, hafundishi wala hashiki simu. Maji ya uvuguvugu, waliniambia nyuzi 31, maana kule kwa kwanza dakika kumi tu midomo ishakuwa ya bluu na mtoto anayetetemeka utamfundisha nini? Harufu kali ya klorini pia haikuwepo. Nilikuwa nadhani ile harufu ndo usafi, kumbe inatokea klorini ikikutana na jasho na mikojo.

Sasa kilichonimaliza ni mwalimu mwenyewe. Binti yangu alikuwa na woga, hataki hata kushuka ngazi, basi yule dada akakaa naye kwenye ngazi ya kwanza na kikombe cha plastiki, anamwagia maji begani, kesho yake shingoni, mpaka mtoto mwenyewe akakichukua akajimwagia kichwani. Wiki tatu hakuna kuogelea, baba yake ananiuliza tunalipia nini, nikamwambia subiri. Maboya ya mikononi walimvua mapema, wanasema yanamzoesha kusimama wima majini na kujiona anaweza. Wakaanza na kuelea chali, kisha kuruka, kugeuka, kurudi ukingoni na kupanda mwenyewe.

Kasoro zipo, chumba cha kubadilishia nguo ni kidogo na nafasi tuliisubiri miezi miwili. Ila wiki iliyopita dogo aliteleza akatumbukia na nguo zake, kabla muokoaji hajamfikia akawa ashageuka, kashika ukingo, ananiita mama nivute.