TAHADHARI: Tapeli wa darizi za Kiarmenia, msimtumie hata senti

Jamani, nina hasira hadi naandika nafuta, naandika nafuta. Mlionipigia kuuliza mbona niliondoka mapema kule Glendale, Marekani, kwa wakwe, sababu ndiyo hii.

Kaka ameoa wapi mnajua, na Bibi yake wifi alivyotupokea mnajua. Bibi kazaliwa Beirut, lakini wazazi wake ni Waarmenia wa Marash, mji ambao leo uko Uturuki. Kanga nilishampa siku ya harusi. Safari hii nikataka kitu cha kwao, nacho ni darizi ya Marash, kitambaa kirefu cha meza, chenye herufi ya kwanza ya jina la ukoo wao.

Huyu muuzaji anajitambulisha kuwa fundi wa Gyumri, Armenia, kila kitu anadarizi kwa mkono. Nguo za taraz, yaani mavazi ya asili ya Waarmenia, mito yenye makomamanga, mikufu, mapazia. Na msiniambie sikuuliza, maana niliuliza kila kitu. Akanieleza jinsi Waarmenia walivyoikimbia Marash mwezi wa pili 1920, kwenye theluji, na jinsi wanawake wao walivyodarizi huko Aleppo na Beirut ili watoto wale. Nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta ni kweli tupu. Akatuma video ya mikono ya mama mtu mzima, sindano inapita taratibu juu ya kitambaa chekundu. Mama yangu ameshona kofia za viua maisha yake yote, mkono wa fundi naujua nikiuona, na ule ulikuwa mkono wa fundi. Ila haukuwa wake! Video kaiba kwa mtu.

Dola 240. Nikalipa.

Sasa nisikilizeni. Tumemaliza kula, nikamkabidhi Bibi mbele ya ukoo mzima. Akafungua kwa furaha, akakibusu kitambaa kabla hata hajakitazama. Halafu akavaa miwani. Akapitisha ukucha chini ya uzi, uzi haukuinuka. Akakigeuza. Nyuma kumejaa uzi mweupe wa mashine kila mahali, na ile karatasi ngumu ya kushikizia bado imegandia, imekatwa ovyo kwa mkasi. Kwenye pindo kuna kipande cha lebo kilichonyofolewa. Kisha akaigusa herufi, akamwita wifi aje aone. Niliagiza Մ, nikaletewa Ս! Kwa asiyezisoma zinafanana, na mimi sizisomi, ndiyo maana nilimlipa mtu aliyesema ni lugha ya mama yake. Wale watu wanaziheshimu herufi zao vibaya sana. Ziliundwa na Mesrop Mashtots mwaka 405, na sanaa ya kuzichora na kuzidarizi imo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika ya UNESCO tangu 2019. Mimi nimewapelekea ukoo wa watu herufi ya ukoo mwingine. Bibi alinikumbatia, akasema roho yangu ameiona. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwandikia yule mtu palepale nikiwa bafuni. Kwanza akasema "hiyo ni staili ya kisasa." Nilipomtumia picha ya nyuma, akaniblock.

Bibi ndiye aliyenionyesha ile ya kweli, ya mama yake. Uzi unatandikwa kwanza kama wavu, kisha sindano inasuka juu na chini ya nyuzi zenyewe bila kutoboa kitambaa. Kwa hiyo mbele nyuzi unaweza kuziinua kwa ncha ya sindano, na nyuma unaona vishono vidogo tu vya ule wavu. Ombeni picha ya nyuma! Mimi niliomba, akanijibu kazi imeshafungwa kwenye boksi. Pia alitaka pesa kwa ile njia ya kutumiana ndugu na marafiki, na benki sasa inasema niliidhinisha mwenyewe. Na mzigo wa Gyumri ulitoka ghala la hapahapa Marekani, stempu ya Armenia hakuna hata moja. Kuna mengine, nikitulia nitaongeza.

Lakini huyu hafai kuachwa. Anakula kwa machozi ya watu waliofukuzwa kwao, anatumia wafu wao kuuza takataka za kiwandani, huku mafundi wa kweli wa soko la Vernissage pale Yerevan, mji mkuu wa Armenia, wanakaa juani na kazi zao halali. Afungiwe ukurasa, akamatwe, arudishe hela za watu wote, na yule mama wa kwenye video aombwe radhi hadharani. Polisi nimeshaandikisha. Jina la ukurasa siliweki hapa kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa. Njooni inbox niwape analotumia sasa, na aliyewahi kumlipa aje na risiti yake tuunganishe malalamiko. Meseji zake zote ninazo.