Udi wa kupika na chetezo cha umeme: tathmini ya kaskazi nzima

Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo inayokijaribu kwa ukali zaidi kitu chochote kinachouzwa Unguja kwa madai ya kuitia nyumba harufu nzuri. Joto la mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi, hewa hujaa unyevunyevu wa bahari, nguo zilizoanikwa ndani huvunda kabla hazijakauka, na kila kilichofichika kabatini, chini ya sinki au nyuma ya jokofu hujitangaza chenyewe. Katika msimu huo nimetumia bidhaa tatu zinazopatikana kwa urahisi Darajani na katika vichochoro vya karibu, nikizitumia katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe yenye dari za juu na madirisha yanayotazama uchochoro: udi wa kupika unaouzwa katika vikopo, chetezo kidogo cha umeme cha kuufukizia udi huo, na kopo la manukato ya kupuliza la aina inayopatikana katika kila duka. Hukumu yangu naitoa mapema. Udi wa kupika unastahili fedha yake, chetezo cha umeme kinastahili kwa masharti, na kopo la kupuliza sitalinunua tena isipokuwa kwa ajili ya choo.

Udi halisi ni kipande cha mti wa jamii ya Aquilaria, unaoota Assam na Asia ya Kusini-Mashariki. Mti huo hujaa utomvu mweusi wenye harufu pale tu unapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, na kwa kuwa si kila mti hupatwa na hali hiyo, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, vipande vizuri vimekuwa mali ya harusi na ya wenye nazo. Udi wa kupika uliwapa watu wa mwambao njia ya kuishi na bei hizo. Sukari hupikwa pamoja na marashi ya mawaridi mpaka iwe shira nzito, kisha hutiwa vibanzi vya udi, sandali iliyosagwa, mafuta ya udi, miski, ambari na vitu vingine ambavyo kila mpishi huvificha, ukaachwa upoe na kukatwa vipande. Nilichokinunua kilikuwa kikopo kidogo cha plastiki chenye udi mweusi unaong'aa, mlaini kiasi cha kukatika kwa kidole, usio na lebo wala orodha ya vilivyomo. Ukosefu huo wa maelezo ni kasoro, hasa kwa mwenye mzio, ingawa kusema kweli sijawahi kuona kikopo cha udi wa kupika chenye orodha ya kuaminika.

Ubora wa udi wa aina hii huonekana baada ya moshi kuondoka. Udi hafifu hunukia vizuri kwa dakika chache, halafu hubaki harufu ya sukari iliyoungua, ambayo katika chumba chenye joto hugeuka kuwa nzito na ya kuchosha kichwa. Huu nilioutumia uliacha mapazia na mito ya sebuleni vikinukia sandali na ambari mpaka siku ya pili, huku waridi likiwa limekwisha kupotea usiku ule ule. Mpangilio huo una sababu yake. Manukato mepesi hupeperuka upesi, na joto huyaharakisha. Yale mazito hung'ang'ania kwenye kitambaa na kuachia harufu kidogo kidogo, ndiyo maana nyumba yenye mapazia ya pamba na makochi ya kitambaa hushika udi kuliko nyumba ya vigae vitupu na viti vya plastiki. Nikiupima kwa kigezo hicho, kikopo hiki kimefaulu.

Hata hivyo, udi mzuri unaweza kuharibiwa na moto, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Sukari huanza kuwa karameli kwenye joto la nyuzi 160 hivi, ilhali kaa jekundu hupita nyuzi 500 bila taabu. Kipande kikiwekwa moja kwa moja juu ya kaa lililokolea huchemka, hufura, huwaka na kuwa mkaa mweusi kabla mafuta yake hayajapata nafasi ya kupanda taratibu. Mabibi zetu walijua dawa yake, nayo ni kuliacha kaa lijifunike jivu jeupe kabla ya kuweka udi, na kuweka kipande kidogo kidogo badala ya donge. Kwa njia hiyo chetezo cha udongo hufanya kazi ambayo hakuna chombo kingine nilichokiona kinaifikia, hasa katika kufukiza nguo juu ya tenga, kwani moshi wake ni mwingi na wenye nguvu ya kupenya khanga zilizokunjwa. Lakini kuleta kaa la moto ndani ya chumba ambacho tayari kina nyuzi 30, jioni isiyo na upepo, ni adhabu kwa waliokaa humo, na makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo udi hauwezi kuitangaza.

Chetezo cha umeme kinajibu sehemu ya tatizo hilo. Nilichokinunua ni cha aina inayoletwa kutoka Dubai, chenye plagi ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu bila kipachiko, kibati cha chuma juu, na kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha joto. Kitufe hicho ndicho sababu pekee ya kukipendekeza, kwa kuwa vyetezo vya bei ya chini zaidi visivyo nacho huunguza sukari sawasawa na kaa tupu. Kikiwekwa kwenye joto la chini, udi huyeyuka pole pole, moshi huwa mwembamba sana, na harufu hufika chumba cha pili bila mtu kukohoa. Chumba hakiongezeki joto kwa kiasi cha kuhisika, na watoto wanaopita hawana kaa la kulipiga teke, ijapokuwa kibati chenyewe kinaunguza na waya nao unaweza kumkwaza mtoto. Kwa sebule na chumba cha kulala wakati wa kaskazi, sijaona njia bora ya kuutumia udi wa kupika.

Kasoro zake nazo si ndogo. Kibati ni kidogo, na sukari iliyoyeyuka hugandamana nacho, hivyo lazima kipande kiwekwe juu ya karatasi ya foili, au kibati kipanguswe kingali na uvuguvugu, la sivyo kila mfukizo mpya huanza kwa harufu ya mabaki ya jana. Waya ni mfupi. Hakuna kitu kinachokizima chenyewe mtu akikisahau, na kwa chombo kinachochoma sukari jambo hilo halisameheki. Hewa ya chumvi imekwisha kuanza kukila chuma chake pembeni. Kwa kufukiza nguo hakifai kabisa, kwani moshi mwembamba unaopendeza sebuleni hauna nguvu ya kutosha chini ya tenga. Halafu kuna suala la umeme wenyewe. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na waliokuwapo wakati wa giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, tena ndani ya kaskazi, hawahitaji kushawishiwa kwamba chetezo cha udongo kisitupwe.

Kopo la kupuliza linahitaji maneno machache. Linafanya kazi papo hapo na halihitaji moto, na hapo sifa zake zinaisha. Manukato yake ni mepesi, kwa hiyo joto na pangaboi huyamaliza mapema mno, na mtumiaji hujikuta akipuliza tena na tena mpaka chumba kinanuka vitu viwili kwa pamoja: uvundo uliokuwapo, na ua lisilojulikana jina. Kinachoyasukuma manukato hayo nje kwa kawaida ni gesi zinazowaka, butani na propani, ndiyo maana makopo huandikwa kwamba yasiachwe kwenye joto linalozidi nyuzi 50 wala yasipulizwe karibu na moto. Gari lililofungwa juani linaweza kuukaribia au kuuvuka mpaka huo, na jiko la mkaa liko katika nyumba nyingi. Kwa fedha ile ile ya kopo moja nilipata kikopo cha udi kilichodumu muda mrefu kuliko makopo kadhaa.

Haki ya bidhaa zote tatu, hata hivyo, inataka isemwe kwamba hakuna hata moja inayoondoa uvundo. Nilifukiza chumba kimoja kabla ya kushughulikia unyevu wake na kingine baada ya kuushughulikia, kwa udi ule ule, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mgeni angedhani ni vikopo viwili. Ukungu hustawi pale unyevunyevu wa hewa unapokaa juu kwa muda mrefu, na katika nyumba za mjini mahali hapo ni nyuma ya makabati yaliyosukumwa mpaka ukutani, chini ya godoro lililolazwa sakafuni, na ndani ya kiyoyozi ambacho chujio lake halijaoshwa. Kuta za zamani za mawe na chokaa hupumua, na chokaa yenyewe haipendwi na ukungu. Zilizopakwa rangi ya mafuta au kusilibwa saruji hufungia maji ndani, ukuta ukavimba na kunuka, na fundi akaulaumu mvuke wa jikoni. Wengi hufungua makabati alfajiri kwa kudhani hewa ya wakati huo ndiyo safi, ilhali unyevunyevu huwa juu zaidi alfajiri na hupungua kuelekea alasiri. Kabati lifunguliwe saa nane au saa tisa mchana, pepo za bahari zikivuma. Bafu lisilotumika nalo linaweza kuharibu nyumba nzima, kwa kuwa maji yanayokaa kwenye mpindo wa bomba ili kuzuia hewa ya shimoni hukauka kwa joto, na ndoo moja ya maji humaliza jambo ambalo kopo zima la manukato lisingeligusa.

Nyumba ikishakauka, kiasi cha udi kinachohitajika hupungua sana. Kipande cha ukubwa wa punje ya hiliki baada ya Magharibi kinanitosha kwa sebule, madirisha yakiwa wazi kidogo. Hilo la madirisha nalisisitiza, kwa sababu moshi wa udi, hata ule mwembamba wa umeme, ni moshi. Mwenye pumu na mtoto mchanga hawapaswi kufungiwa nao, na sioni kwa nini desturi ya kumfukizia mzazi na mwanawe itumike kuhalalisha chumba kilichojaa moshi. Kwa kabati la nguo za mtoto, nawasihi pia wasomaji waachane na vidonge vya naftalini vinavyouzwa kando ya udi katika maduka hayo hayo. Naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu unaopatikana sana katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwemo. Karafuu kavu ndani ya kitambaa chepesi hufanya kazi ya harufu bila hatari hiyo, na Pemba iko karibu.

Kuna mshindani mmoja ambaye dukani hayupo. Kikuba cha asumini, rehani na kilua kinachouzwa jioni kwenye sinia, au asumini tupu zilizomwagwa kitandani, hukipa chumba harufu ambayo kikopo changu hakiwezi kuishinda usiku wa kwanza, bila moto, bila waya na bila moshi. Udhaifu wake ni kwamba asubuhi imekwisha, na maua yaliyonyauka yakiachwa kwenye joto huanza nayo kunuka. Kwa chumba cha kulala bado nitayachagua maua kila yanapopatikana, na udi nitauacha sebuleni na kwenye nguo.

Anayetaka kununua udi wa kupika achukue kikopo kidogo hata kama kikubwa kinapunguza gharama, kwa sababu sukari huvuta maji ya hewani, na udi ulioachwa wazi wakati wa kaskazi au masika hulegea, hunata na kupoteza nguvu. Baada ya kila mfukizo kifuniko kirudishwe mara moja, na kikopo kikae mbali na jiko. Asiuchague kwa kunusa kikopo kilichofunguliwa, kwani kinachonukia hapo ni marashi ya waridi, ambayo ndiyo ya kwanza kupotea. Aombe kipande kifukizwe mbele yake, akae mpaka moshi utoweke, ndipo anuse ukosi wa nguo yake. Muuzaji niliyenunua kwake ameweka chetezo kinachowaka mlangoni, na humfukizia mteja kipande kutoka kwenye kikopo kile kile anachotaka kukilipia. Wale waliokataa kufanya hivyo, kwa hoja kwamba kifuniko kimekwisha kufungwa kwa utepe, niliwapita.