Darasa la bure la poka lilinigharimu laki moja

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne, maana darasa lenyewe lilikuwa zuri. Ni kasino moja hapa Dar. Kabla mchezo haujaanza wanakaa na wageni karibu saa nzima na kuwafundisha Texas Hold'em, aina ya poka, na hawatozi hata senti. Mgawa karata aliyetufundisha alikuwa mpole kweli. Dada wa pembeni yangu alipoambiwa "unaweza kucheki" akainua karata zake kuzitazama. Nani asingefanya hivyo? Kwa Kiswahili chetu kucheki ni kutazama! Yule kaka akamweleza taratibu kwamba hapa kucheki ni kupisha zamu bila kuweka hela, ikiwa hakuna aliyeweka kabla yako. Koli ni kulipa kiasi alichoweka mwenzako, reizi ni kupandisha, foldi ni kutupa karata. Nikaelewa yote.

Tukahamia meza ya hela. Blaindi, yaani hela ambayo wachezaji wawili wanalazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa, ni elfu moja na elfu mbili, mgawaji ni yuleyule. Sijakaa sana nikapata ree ya kopa na ree ya shupaza. Hakuna jozi inayoanza vizuri kuliko hiyo. Jamaa mmoja akapandisha hadi 6,000. Nikasema, "Koli, na nareizi hadi 20,000."

Mgawaji akanirudishia chipu. "Koli."

Nikamwambia nimereizi. Hakuniangalia hata usoni. "Umesema koli. Hapa si darasani, kaka." Meza nzima ikacheka.

Basi waliobaki nyuma yangu wakaingia kwa 6,000 hiyohiyo. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, ikaja tisa, nane, tatu. Nikasukuma zote zilizobaki, mmoja akalipa: ana tisa na nane, jozi mbili dhidi ya jozi yangu moja. Tani, karata ya nne ya mezani, ikaleta nne; riva, ya mwisho, malkia. Laki yangu imekwenda. Na huyo mshindi alisema mwenyewe kwamba ningefika 20,000 angefoldi.

Mzee mmoja ndiye aliyenivuta pembeni. "Mwanangu, sema 'reizi' kwanza, utaje na kiasi. Au nyamaza, usukume chipu zote za kupandishia kwa mkupuo mmoja." Akanieleza kwamba neno la kwanza ndilo linalokufunga, na kosa langu linaitwa stringi-beti. Wanalikataza kwa sababu mjanja anaweza kusema koli, akasoma nyuso za watu, kisha ndipo apandishe.

Kwa hiyo mgawaji alikuwa sahihi. Nakubali, sheria ni nzuri na inamlinda hata mgeni kama mimi. Usiku ule nilipofika nyumbani nilisema basi, nyota tatu, mtu asiwachukie kwa kufuata sheria.

Lakini kila nikikumbuka hilo "hapa si darasani" damu inachemka. Darasani alikuwa nani, si yeye? Alikuwa na karibu saa nzima ya kutuambia kwamba ukifungua mdomo mezani umeshacheza. Akatufundisha majina ya mikono yote, yaani michanganyiko ya karata, kuanzia jozi hadi royali flashi, mkono ambao watu wanacheza miaka na hawaushiki, halafu kitu utakachokutana nacho saa ya kwanza akakiacha. Tena mtu uliyemfundisha mwenyewe unamfanya achekwe mbele za watu?

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule mzee, ambaye hata si mfanyakazi wao. Karatasi ya maneno waliyotugawia bado ninayo. Nimeisoma mbele na nyuma, stringi-beti haimo.