Pasi Moja kwa Vyumba 14: Uzoefu Wangu wa Kulala Dodoma Nilipokwenda Kwenye Usaili

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu nyumba za kulala wageni, na hata hii ningeinyamazia kama si shati langu. Nimekwisha kuitwa kwenye usaili katika miji mitatu ambayo sikuwa nimewahi kukanyaga, na kila mmoja umeniachia chake. Arusha nilikaa siku mbili chini ya Mlima Meru nisiuone, kwa kuwa mawingu hayakuniachia hata upenyo, na Mwanza nilitumia jioni nzima kuyashangaa mawe yaliyobebana kando ya ziwa. Dodoma imeniachia alama ya pasi kwenye mfuko wa shati jeupe, na alama hiyo nimeifua kwa limau, kwa magadi na kwa kila nilichoshauriwa, nayo bado ipo.

Wenzangu wanaotafuta kazi serikalini wanayajua matangazo ya kuitwa kwenye usaili, ambayo humkumbusha msailiwa kuja na vyeti halisi na kujigharamia usafiri, chakula na malazi. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo siku hiyo nilikaa kwenye basi tangu alfajiri, tukapita Segera, Chalinze, Morogoro na Gairo, tukasimama Kibaigwa karibu na malori ya mahindi kwa muda ambao hakuna aliyetueleza sababu yake, na giza lilikuwa limeshaingia tulipofika stendi ya Nanenane. Kilikuwa kipindi cha Bunge la bajeti, ambalo huanza Aprili na kuendelea hadi mwishoni mwa Juni, na katika miezi hiyo chumba cha bei ya mtu wa kawaida katikati ya Dodoma hakipatikani kwa bahati. Nilikuwa nimeonywa, nikatuma malipo ya awali kwa simu, na nakiri kwamba chumba changu nilikikuta hakijapewa mtu mwingine. Kwa hilo peke yake ningewapa alama nzuri, kama wangekuwa wameishia hapo.

Mapokezi alikuwepo mama wa makamo, umri wa mama yangu mdogo, amejitanda kanga mabegani kwa sababu ya baridi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Alinitazama kuanzia viatu hadi bahasha ya vyeti niliyokuwa nimeikumbatia, kisha akauliza, "Wewe ni wa semina au wa usaili?" Nikadhani hakunisikia, nikamwamkia tena. Akanijibu kwamba wa semina hulipiwa na ofisi zao, lakini wa usaili hulipa kabla ya kupewa ufunguo. Kwetu, shikamoo isipoitikiwa mtu huenda kulala akijiuliza amemkosea nani. Mimi nilimkabidhi salio la fedha, nikapokea ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao, nikapanda ngazi nikiwa nimeshauchukia mji mzima.

Tangu dakika hiyo sikuona jema Dodoma. Upepo uliokuwa ukitikisa mabati niliuona kama umetumwa, vumbi jekundu nililokung'uta kwenye soksi nililihesabu kuwa kosa la mtu, na zabibu ambazo mji huu unasifika kwazo sikuziona hata punje, ingawa najua fika kwamba haukuwa msimu wake. Nililala na soksi na sweta, kwani mji umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni huko si usiku wa Tanga. Lakini hayo yote ningeyasamehe. Lisilosameheka ni pasi.

Nyumba ile ina vyumba 14 na pasi moja, na pasi yenyewe hukaa chini ya meza ya mapokezi kama mali ya siri. Nilipoteremka kuiomba niliwakuta vijana watatu wamepanga foleni, kila mmoja na shati lake mkononi, wote wa usaili. Zamu yangu ilipofika ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Waya wake ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi sehemu mbili, kitufe cha kupunguza moto hakikuzunguka, na kwenye sahani yake, karibu na ncha, paliganda kitu cheusi chenye kung'aa, nadhani nailoni ya nguo ya mtu aliyenitangulia kwa miezi au miaka. Nilikikwaruza kwa ukucha nikaona hakitoki, nikajaribu kwanza kwenye upindo wa chini wa shati, pakawa salama. Nikapanda juu polepole, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola, na nilipogusa mfuko wa kifuani tu, kile kitu kiliyeyuka kikaacha mchirizi wa kahawia wenye urefu wa kidole. Nilipomwonyesha, yule mama alivuta kanga yake vizuri na kusema, "Koti si litafunika?"

Niseme nini kuhusu mji uliopitishwa kuwa makao makuu ya nchi tangu mwaka 1973, ambao Bunge limehamia tangu 1996, wenye barabara pana ambazo mtu huzivuka kwa hatua za kuhesabu, lakini ambamo msailiwa hawezi kupata pasi isiyounguza? Najua kuwa pasi ile si ya serikali na kwamba Dodoma haikunikosea lolote. Usiku ule, hata hivyo, ungeniuliza ningekwambia makao makuu yarudishwe Dar es Salaam kesho yake.

Sasa naomba niwe mkweli, maana hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Simu yangu ilizimika usiku kwa sababu soketi ya chumbani ilikuwa pambo tu, nami sikujua. Saa kumi na moja alfajiri mlango uligongwa kwa nguvu, nikamkuta yule yule mama amesimama na ndoo ya maji ya moto, mvuke unamfunika uso. "Amka, mwanangu, wenzako wameshatoka, na daladala za chuo kikuu, UDOM, saa hizi zinajaa upesi." Sikuwa nimemwomba. Nilipokea ndoo kimya, bado nina kinyongo, naye akageuka akasema, "Siku hizi asubuhi hakuna shikamoo?" Nikamwamkia kwa aibu, akaitikia "Marahaba" ndefu kabisa, ya mtu mwenye haki yake. Wakati wa kuondoka nilikuta ndoo ile imeandikwa kwenye daftari: maji ya moto, shilingi 1,000. Nililipa, na ule upole niliokuwa nimeanza kuuhisi ukanitoka tena, ingawa bila ndoo ile ningeamka saa mbili, usaili umeshaanza.

Chumba cha mahojiano kule chuoni kilikuwa na joto la madirisha yaliyofungwa kuzuia vumbi. Mwenyekiti wa jopo, kwa ukarimu kabisa, alinikaribisha nivue koti nijisikie huru. Nilimshukuru nikasema nasikia baridi, huku jasho likinitiririka mgongoni, na nikajibu maswali yote kwa mkono mmoja ukiwa umeshika kifua kama mtu anayeapa. Kazi sikuipata. Siwezi kuilaumu pasi kwa hilo, wala siwezi kusema haikuhusika.

Kwa anayeuliza kama nyumba hii inafaa: shuka ni safi, mlango unafungika, iko mwendo mfupi kutoka Soko la Majengo ambako asubuhi kuna chapati nzuri, na bei yao haipandi wakati wa Bunge kama nilivyosikia kwingine. Nilikuwa nimeapa sirudi. Hivi karibuni nimeitwa tena Dodoma, nikapiga simu nyumba tatu nyingine nikakuta zimejaa au bei zake ni za waheshimiwa, na ya nne nikampigia mama yule. Alinikumbuka kabla sijamaliza kujieleza, akaniambia nitume nusu ya fedha, kisha akauliza kama safari hii nakuja na pasi yangu.