Mita ya kupimia umeme (multimeter) ya DT830, ile ya njano: kwa saketi za nyumbani inatosha
Jamani kama unaunda vitu vidogo vidogo mezani, chaja, taa za sola, redio, chukua hii mita, DC (umeme wa betri na sola) inapima vizuri tu na omu, yaani ukinzani, inafika kilo 2000. Tafuta yenye alama ya sauti maana zipo zisizolia, na kukagua kama njia za bodi hazijakatika bila mlio inachosha kweli. AC (umeme wa ukutani) ikiwa ya volti chache usiitegemee, renji yake ndogo kabisa ni ya volti 200. Ila tundu la 10A, la kupimia mkondo mkubwa, halina fyuzi, wameandika kabisa hapo pembeni, ukiacha waya mwekundu humo ukaenda kupima volti za betri umeshaipiga shoti! Na betri yake ya 9V ikichoka namba zinapanda uongo, badilisha mapema.