Taj Mahal na wazee wa taarab: Mkutano, nimeiskiza wiki nzima

Nianze na jina maana ndo lilinipa shida. Albamu inaitwa Mkutano, na huku Walukuba, Jinja, Uganda, ukimwambia mtu unaskiza mkutano anajua kuna mwanasiasa kapanda kwenye gari na spika zake nne. Jirani yangu, mzee wa Kialur, akaniuliza kutoka upande wake wa ukuta, "kijana, nani anagombea tena?" Nikamwambia hapana mzee, ni mpiga gita Mmarekani mweusi amekutana na watu wa taarab wa Unguja. Akanyamaza kidogo, alafu akasema ongeza sauti.

Sasa kwa wasiomjua, Taj Mahal hapa si lile jengo la India, ni mtu, amezaliwa Harlem New York mwaka 1942, baba yake mwanamuziki wa jazi mwenye asili ya Karibiani, mama mwimba injili, na yeye mwenyewe chuo kikuu alisomea ufugaji wa mifugo, yaani angezaliwa Mbarara, kule kwa wafugaji wetu, saa hizi tungekuwa tunaongea habari za ng'ombe. Bluzi ndo nyumbani kwake lakini hajawahi kutulia nyumbani: kaingia rege, kaingia muziki wa Hawaii, mwaka 1999 akatoa Kulanjan na Toumani Diabaté wa Mali na ile kora yake (kinubi cha Afrika Magharibi). Mkutano ikaja 2005, na humo yuko na Culture Musical Club ya Zanzibar, kundi lililoanza 1958, kwa hiyo hawa si vijana wa kuokotwa hotelini wapige ngoma watalii wakila.

Mimi nilikuwa na wasiwasi, niseme ukweli. Hizi albamu za "Mmarekani aja Afrika" nimeziskia nyingi na mara nyingi ni mgeni anapiga vyake, wenyeji wanawekwa nyuma kama pazia. Hapa mara nyingine mambo ni hivyo (nitafika), lakini pale inapokubali, banange, inakubali.

Skiza Catfish Blues. Ni bluzi ya kizamani kutoka kule Mississippi, na siri ya bluzi za namna ile ni kwamba gita linakaa pale pale, halihamihami, linazunguka kakipande kamoja tu kama mtu anayetwanga. Basi taarab nayo inapenda kusimama hivyo! Unaweka msingi mmoja chini, juu yake fidla na udi na ganuni (kile chombo cha mapajani chenye nyuzi zaidi ya 70) wanapita kwenye zile sauti za katikati, zile ambazo kwenye piano hazipo, za kimaqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu). Na bluzi ina zake pia za kati, ndo maana mwimbaji wa bluzi anasikika kama analia na huku amekasirika. Watu wawili hawajawahi kuishi kijiji kimoja lakini wote wanaijua ile noti inayopinda, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumfuata mwenzake mbali. Hapo nilirudisha nyuma mara nne, bando likaisha.

Alafu Muhogo wa Jang'ombe. Kwenye orodha niliyonunua wameandika "Muhoga", sijui nani alikuwa anachapa, ila msiache kununua kwa ajili ya hiyo. Huu wimbo ni wa tangu enzi za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, na humu anauimba Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki 2013. Sauti ya yule bibi haikuwa tamu, tusidanganyane, ilikuwa na mchanga ndani, ilikwaruza, na ukiweka karibu na Taj ambaye naye koo lake ni kama gunia la mkaa unaona kabisa hawa ni ndugu. Kwangu hii ndo roho ya albamu. Maneno ni ya mafumbo, na mimi Kiswahili changu ni cha Walukuba, cha viwandani, nusu yake sikuipata, nikampigia shangazi aliyeolewa Mombasa akacheka tu akasema hayo si ya kuelezwa kwenye simu.

M'Banjo nayo naipenda, fupi, na banjo ni chombo chenye asili ya Afrika, ufundi wake ulivuka bahari na watumwa, sasa kukiskia kimekaa karibu na udi inaleta ka raha fulani hivi.

Lawama zangu. Kwenye bluzi zake za zamani, mfano Done Changed My Way of Living ambayo alikuwa nayo tangu 1968, naona taarab inageuka kapambo, fidla zinajazia tu huku na kule, ungeziondoa wimbo ungebaki ule ule. Hapo mgeni kakalia kiti cha mwenye nyumba. Na ule wimbo unaoitwa Zanzibar, kama unaujua kutoka albamu yake Maestro ya 2008 alipoimba na Angélique Kidjo wa Benin, mimi nachukua wa Maestro, samahani.

Nani aitafute? Kama wewe ni mtu wa kadongo kamu, ule muziki wa gita moja na hadithi ndefu, utaelewa bluzi bila kufundishwa. Kama ni wa klabu Ijumaa usiku, utalala. Na msiiskizie kwenye kaspika ka simu maana besi la taarab linapotea lote, tafuta wufa au hedifoni za maana.

Yule mzee jirani jana alikuja mwenyewe mlangoni na adungu yake (kinubi cha Kialur), akakaa kwenye kibenchi, akaanza kukaza nyuzi moja moja akitafuta sauti ya Catfish. Aliipata karibu, si kabisa, uzi mmoja ulikuwa unamkataa. Akaomba simu akafanye mazoezi kwake. Imerudi leo asubuhi, chaji asilimia 3, anauliza kama hao watu wa Unguja wana nyingine.