TAHADHARI: Kompresa za mtumba zilizopakwa rangi mpya, Gerezani

Ndugu zangu mafundi wa gereji, wapuliza rangi na wenye vibanda vya pancha, naomba mnisikilize, hili linaweza kuua mtu.

Wiki mbili zilizopita nilinunua kompresa ya mtumba, ile mashine ya kusukuma upepo kwenye mtungi, ya lita 100 pale Gerezani, Dar es Salaam, kwa laki sita na nusu. Muuzaji akaiwasha, mota ikanguruma vizuri, geji ya presha ikapanda hadi psi 120, nikalipa. Risiti hakunipa. Akasema ikizingua nimrudie.

Siku ya nne kijana wangu akasikia mluzi chini ya mtungi. Tukazima, tukatoa upepo wote, tukakwangua ile rangi ya bluu inayong'aa. Tukakuta puti ya magari, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, na chini ya puti matundu ya kutu! Mtungi huoza kwa ndani: upepo ukigandamizwa unaacha maji, maji yanatuama chini, na usipofungua koki ya chini ya kutolea maji kila siku chuma kinaliwa huku nje kukiwa safi kabisa.

Kilichoniogopesha zaidi ni sefti valvu, ile inayotoa upepo wenyewe presha ikizidi. Nilivuta kile kipete, hakikusogea. Ndani wametoa springi, wakapiga bolti. Maana yake, swichi ya presha ikigoma kuzima, mota inaendelea kusukuma mpaka mtungi upasuke, na kijana wangu amesimama pembeni yake.

Hata viungio vya bomba (nipo na kona) alivyoniuzia kuwa ni shaba, ukipitisha tupa unakuta ndani nyeupe. Msitegemee sumaku, kwa sababu shaba haishikwi na sumaku, na hiyo aloi nyeupe, yaani mchanganyiko wa metali, nayo haishikwi. Alitaka pia kuniuzia bomba la PVC la maji nivutie upepo gereji nzima. Msithubutu, likipasuka linarusha vipande kama visu.

Kabla ya kulipa, fungua koki ya chini uone kinachotoka, vuta kipete cha sefti valvu, tafuta kibati chenye presha na mwaka wa kutengenezwa. Kibati kikiwa kimeng'olewa, ondoka. Kama mtungi ni wa zamani, upimwe kwa maji, ujazwe pomoni na kusukumwa mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji hayagandamiziki kama upepo, hivyo mtungi ukishindwa unavuja tu.

Yule muuzaji hapokei tena simu yangu. Aliyenunua ya namna hii karibuni azime sasa, atoe upepo wote, ndipo akwangue chini.